Kilima Ambacho Mama Hakitaji

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na nne nilipanda ngazi za wakili Jamaldin mara tatu, nikashuka mara tatu, nikasimama barabarani, Ndia Kuu, kama ninayemngoja mtu. Kukaa siwezi, roho iko juu juu. Na huko ofisini mama yangu, Kanze, kakunja mikono mapajani, kafunga mdomo.

Kesi ilikuwa kesho. Kampuni moja ya kokoto ilikitaka kilima chetu, kile kilichosimama peke yake huko bara, pembeni ya makaburi yetu. Walidai hakina mwenyewe wala hakina jina. Jamaldin alitaka kitu kimoja tu: mama, aliyebaki peke yake katika wazee wa pale, ataje kwa kiapo jina la kilima na asili yake. Yatoke kinywani mwake mwenyewe, mimi nisimsaidie hata neno.

Asili aliieleza vizuri, mpaka karani akasahau kupiga taipu. Baba mkwe wake aliugua ndui, akajitenga juu ya kilima asije akawaambukiza watu. Kila asubuhi jamaa zake walimwekea uji chini, wakamwita kwa jina. Akiitika, wanajua yu hai. Waliita hivyo mwezi mzima, na alipoteremka amepona, kilima kikabaki na jina lile.

"Jina gani, mama?" Jamaldin akauliza.

 Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake, hata mzee awe amekufa zamani. Kaka yangu mkubwa alipewa jina la babu, basi mama akamwita Baba tu, miaka arubaini, mpaka tulipomzika mwaka wa tisini na mbili. Hata siku ile alilia Baba, Baba. Haya yote nayajua, na bado nilitaka kumtikisa. Nikapanda tena ofisini, nikampasulia kwamba watu wetu watafukuliwa makaburini kwa sababu ya heshima zake. Naona haya mpaka leo.

Jamaldin, muungwana yule, hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba mwisho wa kupeleka hati kortini ni saa sita, na sasa ni saa tano na nusu.

Mama akafungua kanga, akajifunga upya, akasimama.

"Gunga," akasema.

Karani akagonga taipu upesi. Mimi nikashusha pumzi, nikatafuta mkoba wangu tuondoke. Lakini mama hakukaa wala hakuondoka. Akalitaja tena, kwa sauti zaidi.

"Yatosha, mama," Jamaldin akasema. "Nimeshaandika."

"Uliloandika ni la kilima," mama akamjibu. "Hili namwita mwanangu. Sijapata kumwita."

Nikamshika mkono. Naye akaita mara ya tatu.