Kelele za Zamu ya Kwanza

Bendi ilirekodi albamu yake ya kwanza kwenye stoo ya kiwanda cha nyuzi, Jumamosi nne mfululizo, kwa kuwa mlinzi alikuwa mjomba wa mpiga ngoma na stoo ilikuwa na umeme wa uhakika. Walikuwa watatu: yeye mpiga ngoma, mpiga besi, na binti aliyeimba na kupiga gitaa. Nyuma ya ukuta mashine za kusokota zilinguruma, nao wakaziacha ziingie kwenye maikrofoni. Gitaa lilikwaruza, sauti zikachezwa kinyumenyume, na albamu ikaitwa Zamu ya Kwanza. Baba wa mpiga besi aliisikiliza dakika mbili, akauliza nani kaharibu redio.

Mama wa yule binti alikuwa kiziwi. Miaka ishirini na mbili alisimama katikati ya mashine zile bila vizibo vya masikio, kazi yake kusikiliza ipi inalia vibaya na kuita fundi. Masikio yalipokwisha, kiwanda kikamwambia ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na moja, jamani. Tangu hapo alidai barua moja tu, yenye muhuri, ikiri kwamba ni mashine zilizomla masikio. Bila barua hiyo hospitali ilikuwa haimpi vifaa vya kusikilizia. Na alikula kiapo kwamba siku ikija, hataisoma, atasomewa, aisikie.

Binti alipoicheza albamu sebuleni, Mama alikuwa anakunja nguo. Akainua kichwa.

"Mbona unaimbia puani?"

Binti akaangua kilio cha furaha. Ilikuwa miaka tisa mama yake hajamsikia.

Basi ikajulikana kwamba Mama anaisikia albamu, na hasikii kingine. Wenzake wa zamani wa kiwandani, wote viziwi, wakaja na vigoda vyao, nao wakasikia. Kila wimbo ulipofika katikati, kuta ziligeuka zambarau, kisha kijani, na nyuzi za rangi zikachomoza taratibu kwenye spika. Wanawake wakazipokea na kuzivingirisha vidoleni, mikono haijasahau. Mmoja wao, mtu wa usafi kupita kiasi, alilalamika kwamba zinajaza zulia vumbi.

Mwezi uleule kamati ya kiwanda ikamwita Mama kusikiliza madai yake. Hapo bendi ikafanya kosa ambalo wanamuziki tu ndio wangelifanya: waliamini wakubwa wakisikilizishwa, wataelewa. Wakabeba spika zao mpaka ofisini, wakaifungulia albamu hadi mwisho wa sauti, kamati ionje kelele alimofanyia kazi yule mama.

Kuta za ofisi zikageuka zambarau. Karani akasogeza mafaili yasishike rangi. Meneja akaziba masikio kwa viganja.

"Punguza, bwana! Mtatuua!"

"Ni dakika tatu tu, mzee," binti akasema. "Mama alikaa humo miaka ishirini na mbili."

Mambo yalikuwa yanaelekea pazuri. Daktari wa kiwanda alikuwa ameshaandika mistari miwili, tena mizuri. Ndipo Mama akasikia kitu ndani ya wimbo, akaruka kutoka kitini, kidole juu, kama alivyozoea kazini.

"Namba kumi na nne! Mkanda umelegea! Iteni fundi kabla haujakatika!"

Fundi akaitwa, akaenda kuangalia. Kweli, mkanda wa namba kumi na nne ulikuwa umelegea. Meneja akamshika Mama mkono kwa shukrani za dhati. Daktari akafuta mistari yake miwili, akaandika upya.

Barua ilifika baada ya wiki, na muhuri wake. Mama akaisukuma mbele ya binti bila kuifungua. "Nisomee," akasema, "nilishaapa."

Binti akaisoma kwanza peke yake, akakaa nayo siku mbili hajui la kufanya. Mwishowe bendi ikarudi stoo, wakapiga kelele zilezile, naye akaisoma barua katikati yake. Ukawa wimbo wa tisa.

Mama aliusikiliza sebuleni, uzi wa kijani kidoleni. Kamati imejiridhisha kwamba mlalamikaji anasikia vizuri kuliko mafundi wetu wenyewe, hivyo dai lake limefungwa. Kiwanda kinamshukuru kwa suala la mkanda.

"Rudisha," akasema.

Binti akarudisha. Akarudisha tena.

"Haya. Nimesikia."

Wimbo ukaisha, kuta zikarudi nyeupe.

"Sasa tufanyeje, Mama?" binti akauliza.

Mama alikuwa anatazama dirishani, hakugeuka. Ng'ambo ya barabara, kwenye lango la kiwanda, wasichana wapya walikuwa wanaingia kazini, masikio wazi, na namba kumi na nne haikuwa na tatizo lolote.