Mshahara Uliosubiri Arobaini

"Wee mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?" karani Yotamu wa Tume ya Usuluhishi, Iringa, aliuliza, kidole juu ya kalenda. "Ulitakiwa ulipwe tarehe thelathini Juni. Leo ishirini Septemba. Siku themanini na mbili! Dai la mshahara lina siku sitini tu."

Tekla aliivuta kalenda, akahesabu mwenyewe. Miezi mitatu alimpikia Philbert kwenye nyumba yake ya wageni hapo Iringa, wali, ugali, supu ya alfajiri, asione hata senti. Siku aliyokwenda kudai akakuta turubai uani: mama mzazi wa Philbert amefariki. Sasa utadaije chini ya turubai? Kwao Ilomba, Mbeya, anayedai msibani huitwa mchawi. Akajifunga kanga, akakaa kwenye masufuria.

Baada ya maziko Philbert akasema, "Dada Tekla, tupite arobaini." Arobaini ikapita. "Tuweke msalaba kwanza." Msalaba ukawekwa. "Saruji imemaliza hela."

Tekla akarudi Ilomba, kwa bibi yake, Ikupa.

"Kitendawili!"

"Bibi, sina moyo wa vitendawili."

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Anakula haki yako umekaa unamtazama, wala humsikii akitafuna."

"Philbert."

"Siku, mjinga wewe! Nenda kwenye Tume!"

Tume ya Usuluhishi ya Mbeya wakamwambia mgogoro umetokea Iringa, arudi hukohuko. Nauli nyingine hiyo, ndiyo iliyomfikisha leo mezani kwa Yotamu.

"Kwa hiyo sheria yenu haijui msiba?" Tekla alimuuliza karani.

"Ipo fomu ya kuomba muda uongezwe. Lakini lete sababu, na ushahidi. Kila anayechelewa hapa ana marehemu."

Ushahidi! Tekla alisonya mpaka getini. Hapo ndipo alipolikumbuka daftari la rambirambi, akaenda kwa mama Veneranda, aliyekuwa katibu wa msiba.

Veneranda akavaa miwani, akasoma: "Tekla mpishi, elfu ishirini, hajatoa. Philbert atamkata kwenye mshahara wa miezi mitatu anaomdai." Tarehe mbili Julai, saini ya Philbert pembeni.

"Yaani nilichangia kwa mshahara ambao sijalipwa?"

"Na jina lako lilisomwa kwa spika, mwanangu. Tulikushukuru sana."

Yotamu aliisoma nakala ya ukurasa huo mara mbili, akajikuna kisogo, akagonga muhuri kwenye fomu. "Imepokelewa. Kama muda utaongezwa, atasema mwamuzi. Sasa nakala moja ya fomu mpelekee mwajiri wako, asaini kwamba ameipata."

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

Philbert alikuwa barazani, amejifunika blanketi. "Dada Tekla! Mwenzio malaria imenikamata. Njoo wiki ijayo."

"Pole, bosi. Mkono hauna malaria." Akambandika kalamu kiganjani. "Saini."

Akaletewa kiti, hakukaa. Alisimama palepale mpaka wino ulipogusa karatasi.