Ndoo ya Mukhwana

Kwa siku ya nne Oguttu hakupata choo, hata kujamba hakujamba, na tumbo lake likawa gumu kama ngoma iliyowambwa juani. Pale Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu, kila mtu aliijua sababu. Kipande cha dhahabu kilikuwa kimepotea shimoni, na mwizi wa shimo hana mfuko mwingine ila tumbo lake. Lisemwalo lipo.

Mukhwana, mkubwa wa shimo, alikuwa ameketi mlangoni pa Oguttu tangu Jumatatu, ndoo ya kupokelea choo miguuni pake. "Shemeji, sisi nangoja tu," alimwambia Benedeta, mke wa Oguttu, kwa upole. "Dhahabu ikitoka, yeye nakwenda hospitali."

Upole huo ulimtisha Benedeta kuliko panga. Kibaya zaidi, yeye mwenyewe aliamini. Oguttu aliapa kwa kaburi la mamake kwamba hakumeza kitu, mkewe akaitikia, kisha akaenda jikoni kumchemshia dawa ya kuharisha. Mara tatu alimnywesha. Mara tatu mumewe alijikunja akilia, na ndoo ikabaki kavu.

Asubuhi ya tano Oguttu alitapika maji ya kijani yenye harufu ya mavi. Benedeta akatoka mlangoni.

"Mukhwana, mpasue hapa mwenyewe, au tumpeleke Tororo kwa wanaojua kupasua."

Mukhwana alimtazama mgonjwa, akainuka kutafuta gari.

Hospitalini walingoja kwenye benchi moja Oguttu akipasuliwa. Benedeta aliomba dhahabu ipatikane. Heri mume mwizi aliye hai.

Daktari Agwang alitoka na chupa yenye pande la nyama. "Uvimbe huu ulikuwa kwenye kidole tumbo, ukauziba utumbo. Ni nadra sana. Tutaupeleka ukapimwe kama ni kansa." Akawatazama wote wawili. "Na ile dawa ya kuharisha ilibaki kidogo tu impasue utumbo."

Mukhwana aliigeuza chupa kwenye mwanga, akaigeuza tena. Hakuona cha kung'aa. Alisema pole, akaondoka bila kuaga.

Oguttu alipozinduka, Benedeta alikuwa ameketi kando ya kitanda, akiyawaza majibu ya kansa.

"Kabla ya kunipasua daktari aliniuliza nani alinipa dawa," Oguttu alinong'ona. "Nilimwambia nilijichemshia."

Benedeta akamvutia shuka.

"Nilijua huniamini," Oguttu akasema. "Nilikunywa ili uone ndoo iko tupu."