Blanketi la Kuku

Siku ya kufunga mzigo wa mablanketi yenye umbo la kuku, msimamizi wa karakana, ambaye mafundi walimwita Sentimita kwa jinsi alivyopenda kupima, alinyanyua blanketi moja na mbawa zake zikaning'inia. Kuku wote wa karakana ile hushonewa mbawa ubavuni. Fundi wa meza ya mlangoni alikuwa akipiga soga, akamaliza ukingo na kusahau ubavu.

"Hili haliuziki," Sentimita alisema. "Mbawa zinapwaya, joto litatoroka. Nenda nalo kwako, dada."

Nyumbani kwa fundi lilihitajika. Dirisha la sebule halikuwa na kioo tangu mvua za mwaka jana. Mwenye nyumba alipigilia boksi, akaahidi kuleta kioo, na boksi likalowa na kukauka mpaka likachoka. Sasa mke wa kaka yake alikuwa amejifungua, naye alilala sebuleni na mtoto kwa kuwa kaka yuko safarini na lori.

"Wifi, sikufichi," mzazi alisema jioni ile. "Leo mtoto akipiga chafya tena, kesho narudi kwa mama. Siwezi kumgandisha mwanangu kwa ajili ya kioo."

Fundi alimtazama mtoto na roho ikamuuma. Nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuwa na kelele nzuri. Na blanketi alilijua: manyoya mafupi, bitana nyembamba, katikati hamna kitu. Blanketi halina joto lake lenyewe. Linashika hewa kwenye manyoya na kuitunza, na hewa ya sebule ile haikuwa ya kukaa mahali pamoja.

Akawafunika. Baridi ikabaki palepale. Akaingia na yeye, angalau amshike mtoto miguu, na bawa la kushoto likainuka, likampokea, likajikunja chini ya mgongo wake. Blanketi likaongezeka upana wa mtu mmoja.

"Linaita," mama yake fundi alisema kutoka kitini. Kweli, lilikuwa likiguna taratibu kama kuku anayekusanya vifaranga.

"Basi njoo, mama."

Mama akaingia upande wa kulia na joto likapanda. Jirani wa juu aliyekuja kuomba kiberiti akaingizwa na kiberiti alichopewa mkononi, halafu mkewe aliyekuja kumtafuta. Kila aliyeongezeka, kuku alitanuka. Aliyevuta upande wake alidonolewa. Aliyenuna alipoza kona nzima, kwa hiyo jirani na mkewe walilazimika kupatana hapohapo, na wote wakacheka mpaka mama akavua sweta. Mtoto hakupiga chafya hata moja. Asubuhi mzazi alifungua begi alilokwisha kulifunga, akatoa nepi na kuzianika. Fundi alifurahi waziwazi, akaenda kazini akiimba.

Tangu hapo jioni zao zikawa hivyo. Blanketi lilifuliwa jua likiwa kali tu, maana likibaki na unyevu lilikataa kumpokea mtu, na halikuwekewa dawa ya kulainisha, inayolaza manyoya. Sentimita naye alikuja na futi yake, akapima, akapata kipimo tofauti kila mara, akavua viatu na kuingia. Kesho yake kazini alisisitiza mbawa zishonewe ubavuni kama kawaida.

Jumapili moja mwenye nyumba alitokea na kioo kwapani, kipya, kimekatwa kwa kipimo cha dirisha. Alisimama mlangoni akitetemeka kwa baridi. Kuku akamwita. Wakamsogezea nafasi, kama ustaarabu unavyotaka, naye akaegemeza kioo ukutani, akaingia na kupakatishwa mtoto. Uso ukamlainika.

"Jamani," alisema baada ya muda mrefu, "nyumba ina joto hivi, mnataka kioo cha nini?"

Akawashukuru mmoja mmoja, akavaa viatu, akachukua kioo chake na kuondoka nacho.

"Tumeharakisha kumfunika," mama alisema. "Angepachika kwanza."

Mzazi ndiye aliyeanza kucheka, wakamfuata wote, na joto likapanda tena. Boksi la dirishani likapigapiga kwa upepo. Kuku akakunja bawa la upande ule, na wao wakasogeleana.