Shairi la Kidole cha Sista

Mimi ni fundi cherehani, lakini mtaa mzima unanijua kwa mashairi ya harusi. Bibi harusi namsifu toka nywele hadi nyayo, ukumbi unapiga vigelegele, nami kichwa kinavimba. Kwa hiyo paroko aliponiomba shairi la kumpokea sista muuguzi wa kwetu, aliyetangazwa mtakatifu, sikuumiza kichwa. Mfupa wa kidole chake ulikuwa unaletwa kanisani kwetu Jumapili, ndani ya kisanduku cha kioo, miaka thelathini baada ya kifo chake. Nilitoa shairi la harusi moja ya zamani nikalirekebisha kama gauni. Penye "bibi harusi" nikaweka "mtakatifu," mizani ikakaa sawasawa.

Paroko alitaka familia ilisikie kwanza. Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mdogo wake sista, bibi aliyefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Nilimkuta anakunja nguo. Nikasoma kwa madaha: shingo ya upanga, kiuno cha nyigu, nyayo laini zisizojua mwiba.

Alimaliza kukunja shuka. "Ulimwona lini, mwanangu?"

"Sikuwahi kumwona, bibi."

"Nyayo zake zilipasukapasuka kwa kuwafuata wagonjwa. Alizionea haya, hata mbele ya daktari hakuvua soksi. Kabla hajafa aliniomba nimwoshe mimi, na nisimtazame. Basi nilimwosha chini ya shuka, kwa kupapasa, uso nimeugeuzia ukutani."

Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na badala ya kunyamaza nikajitetea. "Zilikuwa sifa tu, bibi. Ni heshima."

"Waliokuja kuchukua kidole kaburini waliniomba ruhusa. Walipiga magoti, wakachukua hicho kimoja, vilivyobaki wakavifunika. Wewe umechukua shingo, kiuno na nyayo, na hata hodi hukupiga."

Nililikunja shairi mara nne, nikalificha mfukoni kama mwizi.

"Mwosha huoshwa," akasema, akichukua shuka jingine. "Zamu yangu ikifika, tafadhali usiniimbe."

Jumapili paroko aliponiita mbele, nilisema sina shairi. Watu wakanong'ona, kisha wakapanga foleni kukitazama kidole, bibi akiwa amekaa kando ya kisanduku. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Zamu yangu ilipofika, nilipita mbele ya kile kioo uso nimeugeuzia ukutani.