Mgawanyo wa Kambale

Siku ya kugawana vitu baada ya talaka, mume alikuja na kaka yake mkubwa, seremala, awe shahidi. Vitanda na viti viligawanywa kabla chai haijapoa. Likabaki tangi la samaki, lile la chumba cha mbele, pembeni ya cherehani.

Ndani yake walikuwamo kambale wa mapambo kumi, wale wadogo wenye madoa wanaong'ang'ania kioo kwa midomo. Mke, fundi cherehani, alikuwa amewafuga miaka sita. Alijua kwamba maji yakipozwa kidogo hutaga. Alijua kwamba dume huingia kwenye kipande cha bomba na kuyapepea mayai kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Mume, mwenye duka la fotokopi, alijua kuwaonyesha wageni. Mwaka mmoja alimchomoa dume bombani ili rafiki zake wamwone vizuri. Mayai yakaoza, yakawa meupe kama sabuni. "Kwani si samaki tu," alisema.

Sasa alimwambia kaka yake, "Hawa nimewafuga mimi. Yeye alikuwa anabadilisha maji tu."

Lile "tu" lilimchoma mwanamke kuliko habari zote za mke mpya. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini taratibu.

"Shemeji," alimwambia seremala, "kama ni yeye aliyewafuga, basi achague wa kwake kwanza. Watano kwa watano."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mume akacheka. Kwa miaka yote, mkewe akitoa wazo, alikuwa akimkata kauli hivihivi: nyumba hii imekuwa ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu. Akainama kwenye kioo. Watano walikuwa na ndevu zilizotawanyika puani kama vijiti vya mti. Watano walikuwa na pua laini, isipokuwa mmoja aliyeota vipele.

"Kambale asiye na sharubu ni kambale gani?" alisema. "Nipe wenye ndevu. Hao wagonjwa abaki nao, na huyo mwenye chunusi pia."

Mwanamke akachukua wavu, akawavua watano mmoja mmoja, akawatia kwenye ndoo. Uso wake haukubadilika. Kwa samaki wa aina hii, wenye ndevu ni madume. Majike pua zao ni laini. Na yule mwenye chunusi alikuwa dume kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza.

Baada ya miezi miwili, mwanamke alipata vifaranga wake wa kwanza. Huko kwenye duka la fotokopi lilikuwa limebandikwa tangazo: VIFARANGA WA KAMBALE WA MAPAMBO, WEKA ODA MAPEMA. Mfamasia aliweka oda. Mwenye hoteli aliweka oda. Kila wiki walikuja kuuliza, na kila wiki waliambiwa bado kidogo.

Seremala ndiye aliyemletea mwanamke habari. "Shemeji, wale samaki wanararuana. Mapezi yamebaki nyuzi."

Alijua. Madume watano kwenye tangi dogo, kila mmoja akitaka bomba lake. Huruma ilimjia, akaikalisha chini. "Mwambie mfugaji awatazame," alijibu, akaendelea kupinda suruali.

Wiki tatu baadaye mume alikuja mwenyewe, na ndoo mkononi. Hakukaribishwa kukaa.

"Ulinipa madume watupu."

"Ulichagua mwenyewe, kaka yako akiwa hapo."

"Nipe majike wawili tu. Watu wananicheka."

"Una mashine ya kuchapa dukani," alisema mwanamke. "Chapa tangazo jingine, ulibandike mlangoni wiki nzima. Liseme hivi: Aliyewafuga kambale hawa ni mke wangu wa zamani. Mimi nilikuwa natazama tu. Hilo 'tu' usilisahau. Baada ya hapo tutazungumza."

Alidhani mume atakataa. Mume akalibandika. Mwanamke alipita kila asubuhi upande wa pili wa barabara, polepole, akisoma kama barua iliyoandikwa kwake. Watoto wa shule walisoma kwa sauti. Mfamasia alilipiga picha.

Siku ya nane mume akarudi, na kambale wake wamo ndani ya ndoo. "Haya, nimefanya. Lete majike."

"Nilisema tutazungumza," alijibu mwanamke. "Tumezungumza. Majike hawaji kwako. Hao ukitaka waache hapa, ukitaka rudi nao wakamalizane."

Mume akaitua ndoo kizingitini na kuondoka bila kuaga.

Mwanamke aliwatenga kila mmoja kwenye beseni lake, akawapa maji safi na vipande vya tango. Wanne walipona. Wa tano, mkubwa wao, alikufa siku ya pili. Huyo alimuuma, maana tangu wavu ulipokuwa mkononi mwake alijua watapigana, na bado aliwavua.

Seremala alipokuja kupima rafu ya tangi jipya, alimuuliza, "Shemeji, moyo umetulia sasa?"

"Kwa samaki, hapana," alisema. "Kwa ndugu yako, umetulia kabisa."

Mtaani, mwenye duka la fotokopi wanamwita Mtazamaji. Mwanamke hakulibuni jina hilo, lakini akilisikia likipita dirishani husimamisha cherehani, asikie vizuri.