Kikapo Juu ya Moto

Ku vilima ya Masisi, upande inaangalia Walikale, kila nyumba ilikuwa na mufuko ya kukimbia, imefungwa, karibu na mulango. Sufuria, chumvi, nguo ya batoto, na juu ya yote mbegu ya maharagi. Ya Nyiraneza njo ilishinda zote kwa kufungwa muzuri. Bamama balikuwa banamucheka: "Weye, hata risasi ikilia, itakungojea umalize kukaza fundo!"

Nyiraneza alikuwa mukubwa wa shirika, kikundi ya bamama ya kusali pamoja. Kazi yake ilikuwa kutembelea benye roho imelegea, na kwa wakati ule roho yenye ilikuwa inamusumbua ni ya Uwimbabazi, jirani yake. Eugène, bwana ya Uwimbabazi, alienda kuchimba mawe ya madini kule Walikale. Habari ilirudi, yeye hakurudi: shimo ilimufunika. Tangu pale Uwimbabazi hakuonekana tena ku sala. Shirika ilimwendea kila juma, baliimba, balisoma somo ya kuwa tayari. Alisikiliza, alisema aksanti, alifunga mulango. Nyiraneza aliona kabisa kama anamupoteza.

Asubuhi moja, mvua ya kupanda imeanza, alienda peke yake.

"Hodi, dada."

"Karibu, Mama mukubwa. Leo mutaimba sauti ya kwanza ao ya pili?"

"Leo sauti ilibaki nyumba. Inakohoa."

Uwimbabazi alitaka kucheka, lakini kicheko ilifia ku meno. Alimupa kiti kidogo karibu na moto. Nyiraneza alianza maneno yenye alitayarisha mu njia.

"Dada, Bwana anaweza kukuya saa yoyote. Inapashwa atukute tayari."

"Mimi niko tayari. Akuye tu, hata leo. Hakuna kitu itanirudisha nyuma."

Nyiraneza alifungua mudomo amujibu, moshi ikamuingia mu macho. Akainua uso. Njo pale aliona: juu ya moto hakukuwa kikapo.

Kwetu, mbegu inachanganywa na majivu, inawekwa mu kikapo, inaninginia juu ya moto, moshi inafukuza badudu. Mutu anaweza kulala njaa, kuuza mbuzi, kuomba chumvi kwa jirani. Ile kikapo haigusi. Nyumba yenye imekula mbegu haingojee tena kesho.

"Uliipika lini?" Nyiraneza aliuliza pole pole.

"Ile siku muliniimbia ule wimbo murefu. Batoto balikuwa na njaa, na ninyi hamukuwa munamaliza."

Nyiraneza hakujua kama acheke ao alie. Basi siku ile mbegu ilikuwa inachemuka mu sufuria, na bao bamama banaimba ku mulango, macho imefungwa kwa utakatifu! Hakuna hata mumoja aliangalia juu.

Alirudi kwake, alisimama mbele ya mufuko yake. Mbegu ya kikapo yake alishaipanda, hakuwa na ingine. Aliinama, akaanza kufungua fundo.

"Mama!" Falone, binti yake, alitoka mbio mu chumba. "Jana risasi ililia nyuma ya kilima. Na kama tunakimbia kesho?"

"Tutakimbia."

"Na mbegu?"

"Itakuwa mu udongo. Mu udongo haina uzito." Fundo ilikataa, akaivuta na meno. "Falone, nilikaza hii kamba mpaka nikasema njo imani. Bwana akinikuta hapa nakaza, nitamwambia nini?"

Kesho yake bamama bote balishuka na majembe ku shamba ya Uwimbabazi. Nyiraneza alibakataza kuimba. Balilima kimya, balipanda kimya. Halafu mulango ulifunguka, Uwimbabazi akatoka na jembe yake, akashika mustari karibu na Nyiraneza. Ku mwisho wa mustari njo alianza, na sauti yenye imekauka, ule wimbo murefu. Baliufuata mpaka mwisho wake, na siku ile hakuna mutu aliona ni murefu.

Maharagi ilikuwa haiyatoa bado maua wakati risasi ilifika. Balikimbia upande wa Kashebere, mu matope. Mu mupando ya kilima ya mwisho, Nyiraneza alikaa juu ya jiwe.

"Endeni. Mimi nachoka. Nitasali hapa."

Uwimbabazi alirudi, akabeba mufuko ya Nyiraneza juu ya yake.

"Simama, Mama mukubwa. Utasali ukitembea."

"Nitembee niende kungojea nini?"

"Maharagi yetu inaota kule. Weye njo ulinipandia kitu ya kungojea, sasa utaniachia ningojee peke yangu?"

Nyiraneza alisimama.

Kule Kashebere, Mama Kahambu, mama muchuruzi mwenye alitoka Butembo, alibafungulia depo yake ya mufuko ya chumvi. Siku ya kwanza Uwimbabazi aliwasha moto mu kipango, kiwanja ya nyuma ya depo, akatoa kikapo mu mufuko, akaininginiza juu ya moto. Kahambu alichungulia ndani: bule, hata mbegu moja.

"Dada, hii inafanya nini juu ya moto yangu?"

"Inangoja, Mama."

Kahambu aliangalia kikapo, aliangalia Nyiraneza aliyelala na miguu imevimba, akaangalia tena kikapo. Aliingia mu duka, akatoka na kipande ya waya.

"Ile kamba yenu itaungua," alisema. "Mufunge na hii."